Dirt to Daytona ya PS2 (2002): kuna mwingine humu aliyeanzia vumbini?

Kiberenge wa Makorora (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Najua PS2 ikitajwa humu watu wanakimbilia Winning Eleven na San Andreas. Leo mniache nipite njia ya vumbi. Gemu inaitwa NASCAR: Dirt to Daytona. NASCAR ni mbio za magari za Marekani, na jina la gemu ni kama kusema kutoka udongoni hadi Daytona, uwanja wao mkubwa. Ilitoka 2002 kwa PS2 na GameCube, watengenezaji Monster Games, wauzaji Infogrames. Kama hujaisikia usijilaumu, mitaani kwetu sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Mimi ilinifikia kwa sababu mjomba wangu alikuwa baharia. Meli yao ilitia nanga Houston, akaingia duka la vitu vilivyotumika, akarudi Tanga na diski moja. Nilikuwa nimemwomba ya mpira.

Nikaichomeka. Mashine ilikuwa imeshachipiwa (imefungwa chipu ya kusomesha diski za nje) kwa hiyo diski ikasoma, ila picha ikaja nyeusi na nyeupe, tena inapanda juu polepole kama mtu anavuta pazia. Nikapiga TV kofi. Ikaacha kupanda, rangi haikurudi. Nilicheza miezi miwili nikiwa sijui gari langu ni la rangi gani. Wapinzani niliwatambua kwa namba mlangoni.

Sasa utamu wake. Gemu nyingi za magari za enzi zile unaanza na gari zuri, unaendelea na gari zuri zaidi. Hii unaanza huna jina, una hela kiduchu na gari la Street Stock, yaani gari kuukuu la mtaani lililong'olewa vioo na viti, likafungwa vyuma ndani. Uwanja ni wa udongo. Wiki hadi wiki unashindana na watu kama wewe. Kati ya mbio na mbio unarudi gereji na hapo ndipo gemu ilipo: hela za zawadi ni hizi, bodi imebonyea, injini imechoka, tairi zimeisha. Chagua.

Mara ngapi nimemaliza wa nne na nikafurahi kuliko wa kwanza! Wa kwanza nilimgonga mtu kona ya mwisho, zawadi yote ikaishia kwenye kunyoosha bodi. Wa nne nilirudi na gari zima.

Ukikomaa unapanda: kutoka udongoni unakwenda Featherlite Modified, yale magari ambayo tairi zimetoka nje ya bodi kama miguu ya kaa. Kisha malori ya Craftsman, ambayo ni pikapu na si fuso. Kisha Winston Cup, ambako ndiko waliko wakubwa wenyewe. Ngazi nne. Mafundi unaajiri mwenyewe, wadhamini unatafuta mwenyewe.

Nitaendelea. Wale wanaojua waje tukae.

Ngamia Asiyechoka

Kiberenge, salamu kutoka Nakuru. Uzi mtamu lakini nina swali la kistaarabu. NASCAR si ni ile ya kuzunguka kushoto masaa manne? Sisi huku tumekua na Safari Rally, tangu 1953 watu wanavuka mito, wanakwepa punda, gari linafika limebaki nusu. Halafu mtu aniambie kuzunguka kiwanja kama ng'ombe wa kukamua mafuta ya ufuta ni mbio?

Kiberenge wa Makorora

Ngamia karibu, maji yapo pembeni hapo.

Kwanza si kushoto tu, wana viwanja vya Sonoma na Watkins Glen ambako wanakata pande zote. Pili, hiyo kushoto unayoidharau, kwenye udongo unaigeuza kwa kukata usukani kulia. Ndiyo, kulia. Unaingia kona, unaachia mafuta kidogo, mkia unaserereka nje, unaupinda usukani kinyume na kona na gari linapita ubavu, pua ikitazama ndani. Ukiukandamiza mguu mapema unageuka kutazama ulikotoka, na wenzako kumi na kitu wanakuja.

Nilikaa siku nne nzima najifunza kona moja. Dole gumba la kushoto lilitoka lengelenge.

Fundi Chipu

Naomba nisaidie hapo kwenye picha nyeusi na nyeupe, maana wengi walitupa TV zao bure.

Diski za Marekani zinatoa picha ya NTSC, TV zetu nyingi za kioo cha mgongo zilikuwa za PAL. Rangi kwenye mifumo hii miwili zinafungwa kwa namna tofauti, kwa hiyo TV isiyojua NTSC inapokea mwanga na giza lakini rangi haizifungui. Kupanda kwa picha ni kwa sababu NTSC inaleta picha 60 kwa sekunde, PAL 50. TV ilikuwa inasubiri kwa mwendo wake, mgeni anakuja kwa mwendo mwingine. Nyuma au mbele ya TV kulikuwa na kitufe cha V-HOLD, ukikizungusha kidogo picha inatulia. Kofi la mleta uzi lilifanya kazi kwa bahati tu.

Chipu ilikuwa inakuvusha mlango wa kanda ya diski. Rangi ilikuwa shauri lako na TV.

Kiberenge wa Makorora

Fundi umechelewa miaka ishirini. Mama alilipiga marufuku lile kofi.

Dada wa Kibanda

Jamani nimecheka. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha gemu Mwanza, TV tatu na benchi mbili, mimi ndiye nilikuwa nakusanya hela na kuangalia muda. Gemu za namna hii kibandani hazikai. Mtu akileta sidii ya gemu yenye safari ndefu tunamrudishia. Anacheza nusu saa, hajafika popote, muda unaisha, anataka kusevu. Memori kadi ilikuwa moja, megabaiti 8, na ilikuwa imejaa timu za watu za Winning Eleven. Kesho akija safari yake haipo, ananiangalia mimi kama nimekula nauli yake.

Mpira dakika kumi umeisha, aliyefungwa anaamka, anayefuata analipa. Biashara ndiyo ile.

Kiberenge wa Makorora

Dada umegusa kidonda.

Nilitaka niifiche hii lakini basi. Nilipofika kwenye malori, baada ya kama miezi minne, binamu alikuja likizo. Asubuhi nikaenda dukani kununua mkate. Kurudi, binamu yuko kwenye fainali ya kombe lake la mpira. Nikamuuliza umesevu wapi. Akasema, kadi ilikuwa imejaa, kulikuwa na kitu cha Kizungu kimeandikwa namba kubwa, nikakitoa.

Gari, hela, mafundi niliowaajiri mmoja mmoja, mdhamini wangu wa kwanza. Vyote vimeondoka kwa kitufe kimoja, mimi nimeshika mkate.

Sikumpiga. Nilikaa kibarazani mpaka adhuhuri. Halafu nikarudi ndani nikaanza upya, udongoni, na ile mara ya pili ndiyo nilianza kuuelewa mchezo, kwa sababu safari hii sikununua injini kwanza.

Mtoto wa Gia

Hapo ndipo nilikuwa nakusubiri. Mimi nipo Muscat, nilikuwa nayo ya GameCube. Kila mtu anakosea pale pale: hela ya kwanza anatia kwenye injini. Unapata mbio kwenye nyoofu, kona zinakushinda, unagonga, unakarabati, umerudi sifuri. Kwenye udongo gari lenye nguvu nyingi na tairi mbovu ni punda mwenye mori. Mimi nilinunua tairi, halafu vitu vya chini (springi na shokapu), injini ikaja mwisho kabisa.

Na mafundi je? Kuna watu waliwachukua wa bei rahisi wakajuta.

Kiberenge wa Makorora

Wewe ndiye niliyekuwa namtafuta miaka yote! Tairi, chini, injini. Mpangilio huo huo.

Mafundi nakubali, wa bei rahisi ni ghali. Lakini wa bei kali ukiwa bado udongoni mshahara wao unakumaliza kabla hujapanda. Mimi nilikuwa natafuta mdhamini kwanza, hata mdogo, halafu ndipo naongeza mtu. Ndiyo maana nasema gemu hii ilikuwa ya duka kuliko ya magari. Nimesimamia kibanda cha mama cha mkaa kwa hesabu zile zile: usiguse mtaji.

Mama Tairi

Naingilia kwa sababu nimeona neno tairi. Mimi ni fundi magari, nimecheza hiyo gemu mara mbili tatu tu, ila magari yenyewe nayafuatilia.

Ngamia anadhani kuzunguka kushoto ni rahisi. Chukua glasi ya plastiki, ile pana juu nyembamba chini, ilaze mezani uiviringishe. Inazunguka yenyewe, si ndiyo? Magari yale ya udongo yanafungwa hivyo hivyo: tairi ya nyuma kulia ina mzingo mkubwa kuliko ya kushoto. Gari lenyewe linataka kwenda kushoto, dereva kwenye nyoofu analizuia. Wanachezea tofauti ya sentimita chache tu lakini ndiyo inaamua mtu anashinda au anavaa ukuta.

Kingine ni weji. Mtaona kwenye mbio zenyewe gari likiingia kuongezwa mafuta na tairi, fundi mmoja anachomeka spana ndefu kwenye tundu la kioo cha nyuma, anazungusha mara moja au mbili. Anakandamiza springi ya nyuma. Ukikandamiza kona moja, kona hiyo na ile ya mshazari wake zinabeba uzito zaidi, mbili nyingine zinapungukiwa. Ukiongeza weji mkia unatulia lakini pua inakuwa nzito kugeuka. Ukipunguza, pua inaingia vizuri na mkia unaanza kiherehere.

Wenyewe wana maneno mawili tu, gari limebana au limelegea. Limebana, unaukata usukani halikubali, unaona ukuta unakuja kwa mbele. Limelegea, ukuta unakuja kwa nyuma na huuoni.

Ngamia Asiyechoka

Ya glasi nimejaribu mezani hapa ofisini. Bosi ameniuliza nafanya nini.

Naendelea kusoma lakini sijakubali.

Shangazi wa Nextel

Mimi nitawakera. NASCAR 2005: Chase for the Cup ya EA ilikuwa bora kwa safari ya dereva. Hiyo ya 2004 (jina linadanganya mwaka) ina sehemu inaitwa Fight to the Top. Unaanza barabarani, dereva wa NASCAR Ryan Newman anakutania, mnashindana na magari ya kawaida, anaona una kipaji. Unaingia Modified, malori, ligi ya kitaifa, halafu Nextel Cup (ile ile Winston Cup, jina jipya). Na kuna kipimo cha shujaa au mtu mbaya: ukigonga watu mashabiki wanakuzomea, ukiendesha kistaarabu wanakupenda, na madereva wenzako wanakumbuka kisasi. Sura ya mbele ya kasha ni dereva Kevin Harvick. Ilikuwa na hadithi. Yenu ni daftari la matumizi.

Kiberenge wa Makorora

Shangazi nimeicheza na ni gemu nzuri, sikatai. Ile ya kisasi nilikuwa naipenda, kuna namba moja nilimwandama msimu mzima.

Lakini angalia inavyoanza. Unakutana na mtu mkubwa barabarani anakuona, anakuvuta. Kule unaokotwa. Kwenye Dirt to Daytona hakuna mtu aliyekuona. Udongo wenyewe kwenye 2005 haupo, unaruka moja kwa moja lami. Na daftari la matumizi ndilo nililolipenda, nilikuwa na miaka kumi na minne na hakuna mtu mwingine aliyekuwa ananiamini na hela.

Mtoto wa Gia

Shangazi, na tukumbuke 2005 haikuwa na mpinzani. EA walichukua haki za NASCAR peke yao, Monster Games wakabaki na ujuzi wa vumbi bila jina la kulitumia. Ndipo wakaenda kutengeneza Excite Truck ya Nintendo Wii, 2006. Ukiicheza unaona mkono ni ule ule, gari linaruka na kuserereka kama limekosa adabu. Walirudi kwenye NASCAR mwaka 2016 na gemu ya Heat Evolution, na iliyofuata, Heat 2, wakaweka malori na uwanja wa udongo wa Eldora. Nilipoona Eldora nilijua hawajasahau.

Shangazi wa Nextel

Heat 2 ninayo. Sawa, nimepungua robo.

Dada wa Kibanda

Mimi nataka kujua ulifika Daytona au hukufika? Uzi una jina la Daytona, naona udongo tu.

Kiberenge wa Makorora

Nilifika, Dada. Na hapa nitasema jambo ambalo Mtoto wa Gia atanipinga.

Daytona ni maili 2.5, ilifunguliwa 1959, kona zake zimeinamishwa nyuzi 31. Nyuzi 31 ni ukuta uliolala kidogo, kupanda kwa miguu unashika na mikono. Kwa hiyo kona huzikati, unabaki umekandamiza mafuta mzunguko mzima. Na miaka ile injini zilifungwa kibati chenye matundu madogo kupunguza hewa, wakaanza 1988 baada ya gari la dereva Bobby Allison kuruka na kuchana uzio kwenye uwanja wa Talladega 1987. Nguvu za magari zikawa karibu sawa, wote wanakwenda kundi moja. Peke yako huendi popote. Unajibanza nyuma ya mwenzako anakukatia upepo, mnasogea wawili, ukichomoka bila mtu wa kukufuata unarudi nyuma nafasi kumi.

Mara ya kwanza nilitetemeka kweli. Nilikuwa nimepita miaka miwili (ya shule, si ya gemu) kufika pale. Na lile jina lina uzito, dereva nguli Dale Earnhardt alifia pale mzunguko wa mwisho, Februari 2001, gemu ilitoka mwaka uliofuata tu.

Lakini baada ya mbio tatu nne za Winston Cup nilianza kuchoka. Hela zilikuwepo. Gari lilikuwa zima. Nikigonga, nakarabati, sihisi kitu. Nikaanza safari mpya kwenye nafasi nyingine ya kadi, udongoni, na ile ya Cup nikaiacha ikae. Mpaka leo naamini nusu ya kwanza ya gemu ile ni bora kuliko nusu ya pili, na waliotengeneza nadhani walijua, maana udongo wameuchora kwa mapenzi na lami wameichora kwa wajibu.

Mtoto wa Gia

Napinga! Cup ilikuwa na uwanja wa Bristol. Nusu maili, magari yamebanana, ni kama stendi ya Ubungo ya zamani siku ya sikukuu. Ukiniambia ulichoka Bristol basi ulikuwa unacheza kwenye kiwango rahisi.

Kiberenge wa Makorora

Bristol nakuachia. Bristol ni udongo uliovaa suti. Na 2021 walimwaga udongo wa kweli juu yake wakakimbilia hapo, Joey Logano akashinda. Cup ilikuwa haijagusa udongo tangu Septemba 1970, Richard Petty alipochukua ile ya Raleigh.

Raleigh ni karibu na ninapoishi sasa. Nipo Carolina Kaskazini mwaka wa sita, kazi ya ghala, zamu ya usiku. Mwaka juzi mwenzangu wa kazini, mzee wa hapa hapa, alinisikia nataja Modified akashangaa mtu wa Tanga amelitoa wapi neno hilo. Jumamosi akanipeleka uwanja mmoja wa udongo vijijini, maili mbali na barabara kubwa. Tulikaa karibu na kona ya pili. Mkosi wa mgeni, hajui kwamba kona ya pili ndiyo inayorusha. Mizunguko mitano tu nilikuwa na udongo kwenye meno, kwenye soda, kwenye masikio. Udongo mwekundu kabisa, kama wa Korogwe. Nilikuwa nimeujua ule mchezo kwa rangi ya kijivu.

Baada ya mbio wanaruhusu watu kushuka kuwaona madereva. Wa tano alikuwa kijana mdogo, anapiga nyundo bawa la gari na baba yake ameshika tochi. Nilisimama pale nawatazama wanabishana kama watabadilisha tairi ya kulia au itavumilia wiki ijayo. Yule mzee ikabidi anivute mkono, kesho yake alikuwa na kanisa.

Mama Tairi

Walibadilisha?

Kiberenge wa Makorora

Baba alikataa. Alisema itavumilia.

Fundi Chipu

Kwa mnaoniuliza pembeni: ndiyo, ukiwa na diski yako unaweza kuichezesha kwenye kompyuta kwa PCSX2, programu inayoiga PS2, na rangi utaziona. Ukiwa na PS2 yenyewe na TV ya bapa ya sasa, nyingi zinaelewa NTSC bila shida. Betri ya saa ndani ya mashine itakuwa imekufa, kila ukiwasha itakuuliza tarehe. Haina madhara.

Ngamia Asiyechoka

Narudi kwa unyenyekevu.

Kaka yangu ana boksi la sidii za zamani stoo, nikalipekua kutafuta Safari Rally yoyote niwanyamazishe. Nikakuta hii gemu. Sijui ilifikaje Nakuru, hata yeye hajui. PS2 yake bado inawaka.

Nimecheza tangu jana saa mbili usiku. Mbio sita. Nilinunua injini kwanza, msinicheke, nilikuwa sijafika ile sehemu ya Mtoto wa Gia. Nimegeuka kutazama nilikotoka mara zisizohesabika. Halafu nikamsikiliza Mama Tairi, nikaongeza weji mkia utulie. Umetulia. Sasa halikati kona kabisa, nimevaa ukuta wa mbele mara tatu na bodi imeisha.

Nipunguze weji, au niuze hii injini ninunue tairi?

Kiberenge wa Makorora

Usiuze kitu kwanza. Umebakiwa na shilingi ngapi?